TUSIMLAANI DEREVA TUKAMWACHA MWENYE BASI



Kila mabasi yanaposimama husikika maneno haya: "Madereva wametutesa." Tumeyasikia Nyegezi, tumeyasikia Buzuruga, na tumeyasikia hata katika mikutano yetu wenyewe. Leo tunataka kuyajibu, maana ni nusu ya kweli tu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayofichwa.

Kwanza tukumbushane. Ijumaa, Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na daladala waligoma katika sehemu nyingi za Tanzania. Walipinga amri ya kumtaka dereva arudi darasani kila baada ya miaka mitatu, kwa fedha yake mwenyewe, ndipo apewe leseni mpya. Siku ile ile Waziri wa Kazi, Bi. Gaudentia Kabaka, alikwenda Ubungo, Dar es Salaam, akawaambia kuwa amri hiyo imesimamishwa. Mabasi yakaenda. Lakini dai lao la mikataba ya kazi likabaki vile vile. Basi Mei 4 mgomo ukarudi, ukachukua siku mbili, mpaka Waziri Mkuu, Bw. Mizengo Pinda, alipounda kamati ya kuyatazama madai yao.

Mtu wa Nyegezi haambiwi maana ya mgomo. Kutoka hapa mpaka mjini Mwanza ni kilometa zipatazo 10. Kibarua anayelipwa kwa siku, daladala zikisimama, hana budi kushika njia kwa miguu: Butimba, Mkuyuni, Igogo, mpaka afike mjini jua limekwisha kuwa kali, na pengine akute kazi yake amepewa mwingine. Mama mwenye beseni la sato hawezi kuwaambia samaki wangoje kamati. Mgonjwa aliyeandikiwa tarehe ya kwenda Bugando, tarehe yake inampita. Na msafiri wa Dar es Salaam, mwenye safari ya zaidi ya kilometa 1,100 mbele yake, ameagana na wenyeji wake tangu alfajiri. Mfukoni ana nauli na fedha kidogo ya chai. Jua likitua anaanza kuila nauli. Kesho mabasi yakienda, yeye hana cha kulipa.

Katika siku kama hizo ndipo tunapowajua watu. Wako wanaoitana barabarani wakachangishana kukodi gari moja. Yuko mama ntilie anayempa msafiri ugali kwa mkopo, ingawa hamjui wala hatamwona tena. Wako wenye nyumba jirani na stendi wanaowakaribisha wazee na akina mama wenye watoto wasilale juu ya mizigo. Hao tunawapongeza kwa moyo wote. Lakini wako na wengine. Nauli ya pikipiki ya jana leo ni mara tatu. Kitanda cha gesti kinapandishwa bei kwa kuwa mgeni hana pa kwenda. Huyu anayeneemeka kwa shida ya mwenzake ni mlanguzi, hata kama naye ni kabwela, na hatutamwita kwa jina jingine.

Sasa turudi kwa dereva. Yeye ni nani hasa? Katika daladala nyingi, dereva hana mshahara. Asubuhi anakabidhiwa gari. Jioni anatakiwa kumpelekea mwenye gari fedha waliyopatana, ambayo wenyewe huiita hesabu. Kikibaki kitu ndicho chake na kondakta wake. Kisipobaki, watoto watalala hivyo hivyo. Akiugua, gari anapewa mwingine. Hana likizo, hana akiba ya uzeeni, na wengi wao hawana hata karatasi moja inayosema kwamba wameajiriwa. Wa mabasi makubwa wako wanaolipwa kwa safari: asiposafiri hali.

Wananchi, tufikiri vizuri hapa. Mtu ambaye chakula chake kinapatikana baada ya kutimiza fedha ya bwana, ataendeshaje gari? Atakimbia. Atamnyang'anya mwenzake abiria. Ataendesha na usingizi machoni. Atajaza watu mpaka mlangoni. Halafu tunashangaa! Septemba 5, 2014, mabasi mawili yaligongana karibu na Musoma, katika njia hii yetu ya Ziwa, wakafa watu zaidi ya 30. Machi 11, 2015, ikatokea ajali ya Mafinga, wakafa zaidi ya 40. Hatusemi kwamba kila ajali imetokana na hesabu ya jioni. Barabara zina lawama zake, na madereva wazembe wapo. Tunasema kwamba dereva asiye na mshahara wala saa za kupumzika ni hatari kwa kila aliyekaa nyuma yake. Kwa hiyo mkataba wa dereva haumhusu dereva peke yake. Ni ulinzi wa abiria vile vile.

Wala hatudai sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kumtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Imeweka mpaka wa saa za kawaida za kazi, saa 45 kwa juma. Imetoa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mpaka Aprili 2015 sheria hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Miaka yote hiyo wakaguzi walikuwa wapi? Ajabu ni kwamba jambo lililolala miaka kumi liliamka katika siku mbili mabasi yaliposimama. Hilo ni fundisho baya, maana linamfundisha mnyonge kuwa akisema kwa adabu hasikiwi, na akifunga njia anaitiwa waziri.

Wako watakaotuuliza: "Je, ni haki kuwaacha wasafiri njiani bila taarifa?" Tunajibu wazi: si haki. Sheria hiyo hiyo inataka wanaogoma watoe taarifa ya saa 48, baada ya usuluhishi kushindikana. Laiti taarifa ingetolewa, yule mama wa sato asingenunua samaki siku ile, na msafiri angebaki kwao. Madereva walikosa katika hilo, nasi ni ndugu zao kwa hiyo tunawaambia. Lakini na sisi tunauliza: mtu asiye na karatasi ya kazi atampelekea nani taarifa? Mwenye basi akiulizwa husema, "Huyo si mwajiriwa wangu, tunaelewana tu." Mabasi yakisimama, mtu huyo huyo ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba wafanyakazi wake wamegoma!

Mgomo si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli ukaingia bara. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, wananchi walisusa bia ili kuwaunga mkono. Siku zile bwana alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, na kila mtu alimwona. Leo mwenye basi ni mwananchi mwenzetu. Pengine tunakaa naye mkutanoni, tunamwita Ndugu, naye anapiga makofi kwa nguvu usawa unapotajwa. Bwana amebadilika. Je, hesabu ya jioni imebadilika?

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia, nyumbani kwetu. Mwanachama yeyote mwenye gari la abiria, awe na daladala moja au mabasi kumi, na aandikiane mkataba na dereva wake kabla hajasimama tena kuhutubia juu ya wanyonge. Asiyeweza hilo na akae kimya. Serikali nayo itume wakaguzi wake kwenye stendi siku za amani, isingoje siku za ghasia. Madereva wajiunge katika chama chao cha wafanyakazi, watoe madai yao kwa taratibu na taarifa, wasimfanye abiria mnyonge kuwa fimbo ya kumpigia tajiri. Na sisi wananchi wa Nyegezi tujipange mtaa kwa mtaa, ili siku magari yakisimama tena wagonjwa na waja wazito wapate wa kuwafikisha hospitali kwa nauli ya kila siku, na mlanguzi akataliwe hadharani.

Malalamiko ya mikataba hayakwisha mwaka 2015. Kamati ziliundwa, na hesabu ya jioni ingali inapelekwa. Basi siku utakapofika stendi alfajiri na mizigo yako, ukute magari yamezimwa, usianze kwa kumtukana dereva. Mwulize kwanza: "Ndugu, una mkataba?" Kisha umtafute mwenye basi, umwulize na yeye.