Panya wa stima yuko huru, baharia wa Jibondo yuko wapi?

Wadau, salamu kutoka Mafia. (Hatuna undugu na wale majambazi wa Italia, nimechoka kulieleza hilo kila nikivuka kwenda Dar.)

Leo tuzungumzie katuni. Najua wapo watakaosema mwandishi kakosa cha kuandika. Vumilieni, kuna jambo mbele.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Steamboat Willie, ile katuni ya mwaka 1928 ambamo Mickey Mouse anashika usukani huku akipiga mluzi, haina mwenyewe tena kwa sheria ya Marekani. Miaka 95 ya hakimiliki imekwisha. Huko unaweza kuionyesha, kuitia maneno ya Kiswahili, hata kumchukua panya yule wa nyeusi na nyeupe ukamtungia kisa kipya. Panya wa rangi wa miaka ya baadaye bado ana ulinzi, na Disney bado inamtumia kama alama ya biashara, kwa hiyo usije ukauza fulana ukamfanya mteja adhani zimetoka kwao. Januari 2025 ikafuata zamu ya Popeye, yule baharia mwenye kiko, katika sura yake ya kwanza ya gazetini ya mwaka 1929.

Waliowahi huko Marekani wamemgeuza panya kuwa muuaji kwenye filamu za kutisha. Haya, mambo yao. Mimi nauliza ya kwetu: sisi watu wa pwani tunapata nini hapa?

Wapo vijana wanaosema tumchukue Mickey, tumvalishe kofia na msuli, tumpandishe kwenye jahazi, kazi imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Panya tumwache. Tuchukue namna alivyotengenezwa.

Kwanza niseme ukweli, yule si baharia wa kumtambia mtu wa Mafia. Chombo chake ni stima ya mtoni. Hakuna tanga, hakuna maji kupwa na kujaa, hakuna kusi wala kaskazi. Nahodha Pete anamfukuza kwenye usukani, na mwisho wa sinema yuko chini anamenya viazi huku kasuku akimcheka. Katikati anawageuza wanyama kuwa ngoma: mbuzi aliyekula karatasi za muziki anazungushwa mkia kama santuri, ng'ombe anagongwa meno. Nilimwonyesha fundi mmoja wa vyombo, mzee wa Jibondo, kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, huyu anakwenda wapi?" Swali zuri. Stima ile haiendi popote. Ni vichekesho tu, na vinachekesha kweli.

Lakini tazameni ilivyotengenezwa. Haifiki hata dakika nane. Walt Disney alikuwa na miaka 26, na mchoraji wake mkuu, Ub Iwerks, 27. Sauti za panya alizitoa Disney mwenyewe. Kurekodi muziki mara ya kwanza kulishindikana, akauza gari lake ili arudie. Jina la sinema lilitania Steamboat Bill, Jr., filamu ya Buster Keaton ya mwaka huohuo, na wimbo mmoja uliotumika ulikuwa wa zamani usio na mwenyewe. Haikuwa hata katuni ya kwanza yenye sauti. Ila ilipoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, sauti na picha zilikwenda pamoja vizuri kiasi kwamba watu wakasahau waliotangulia.

Na panya mwenyewe alizaliwa kwa machungu. Kabla yake Disney alikuwa na sungura aitwaye Oswald. Mwaka 1928 akagundua kuwa kwa mkataba alioutia saini, sungura ni mali ya Universal. Akaondoka mikono mitupu. Wasanii wa Bongo, someni hapo mara mbili. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, lakini hakuna ofisi itakayokusomea mkataba kabla hujaweka saini.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2010 BBC ilionyesha Tinga Tinga Tales, vibonzo vilivyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa picha za Edward Saidi Tingatinga wetu. Mwaka 2014 Ubongo Kids ikaanza Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Na Mafia mali ghafi imejaa. Jibondo kuna mafundi waliounda vyombo kwa jicho na mkono bila mchoro wa karatasi. Kuanzia kama Oktoba mpaka Machi potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakuja karibu na Kilindoni na wala hana habari na mtu. Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Hao wanaweza kuchukua kazi ya yule kasuku wa kucheka watu. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka hapahapa kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji. Mpe hayo kijana anayejua kuchora, uone.

Mwenzangu mmoja aliniambia: watu wa visiwani wanahitaji boti salama, wewe unawaletea katuni? Hoja nzito, na siipuuzi. Septemba 2011 tulizika watu wa MV Spice Islander. Septemba 2018 tukazika wa MV Nyerere kule Ukerewe. Vyombo vyote viwili vilizidisha abiria. Katuni haiongezi boti hata moja, na serikali isijifiche nyuma ya katuni. Ila mtoto aliyemcheka nahodha mroho anayejaza watu na mbuzi mpaka chombo kinazama kwa kuongezwa kuku mmoja, ndiye atakayekataa kupanda akiwa mkubwa. Semina hazijaweza kufanya hivyo.

Kuna na lugha. Omo, tezi, foromali, demani, joshi, ngama. Vijana wangapi wa rika langu wanajua maana zake? Mashine imekuja, na simshauri mvuvi arudi kwenye tanga ili kufurahisha wapiga picha. Lakini maneno haya yakipotea, yanaondoka na maarifa ya upepo na mikondo ambayo hayajaandikwa kokote. Mtoto hatayashika kwenye kamusi. Atayashika akimsikia nahodha wa kwenye katuni akimfokea baharia mvivu, "Fua maji, chombo kinajaa!"

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo tu. Dakika saba, nyeusi na nyeupe kama hakuna fedha ya rangi. Chombo cha Jibondo, nahodha mkali, kijana wa kufua maji, popo mmoja mbeya. Lafudhi iwe ya hapa, siyo ya redioni. Mafundi na manahodha wazee wakae na wachoraji tangu siku ya kwanza na walipwe, wasiishie kushukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo.

Wachoraji mnaosoma hapa, semeni mnakwama wapi: vifaa, fedha au hadithi? Kama ni hadithi, njooni Kilindoni, mashua zinatoka Nyamisati. Abiria wakizidi, teremkeni.

Naomba kutoa hoja.