Kurudi Nyuma Si Kutupa Silaha

Kila askari aliyepitia mafunzo anafahamu kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya vita. Kikosi kilichozidiwa nguvu huondoka mahali kilipo, hujipanga upya, hupokea risasi na chakula, kisha hurejea. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni ya kamanda anayewaacha watu wake mahali palipo wazi wapigwe, huku akitumaini kwamba wingi wa vipigo utamletea silaha bora kutoka makao makuu. Katika jeshi swali la kamanda wa namna hiyo lina jibu fupi. Lakini mashabiki wa mpira wa kikapu katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani, wamelijadili kwa zaidi ya miaka kumi, na hawajapatana.

Timu ya mji huo, 76ers, si timu ya jana. Mwaka 1983 ilitwaa ubingwa wa ligi ya NBA, ikiwa na Julius Erving na Moses Malone. Miaka ikapita, ikawa timu ya katikati tu: si dhaifu kiasi cha kuchekwa, wala si hodari kiasi cha kuogopwa. Mwezi wa Mei 2013 ikakabidhiwa kwa meneja mpya, Sam Hinkie. Bwana huyo alizisoma kanuni za ligi akaona mlango ulio wazi. Timu zinazofanya vibaya ndizo zinazotangulia kuchagua chipukizi wapya kila mwaka, kwa njia ya bahati nasibu. Na wakati ule timu ya mwisho kabisa ilikuwa na nafasi ya asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Basi Hinkie akamtoa Jrue Holiday, mchezaji aliyekuwa amechezea kikosi cha nyota mwaka ule ule, akapokea chipukizi mwenye jeraha la goti pamoja na haki ya kuchagua mwingine mwaka uliofuata.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika michezo 82 ya msimu wa 2013/14 timu ilishinda 19. Msimu uliofuata 18. Na msimu wa 2015/16 ilishinda 10 tu. Kuanzia Machi 2015 ilishindwa mara 28 mfululizo, na mnyororo huo haukukatika mpaka tarehe 1 Desemba, ilipowafunga Lakers wa Los Angeles 103 kwa 91, usiku ambao Kobe Bryant, mzaliwa wa Philadelphia, alicheza katika mji wake kwa mara ya mwisho.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema: anayetaka kujenga nyumba ya mawe hana budi kubomoa kibanda, subira yavuta heri, uaminini mpango. Kambi ya pili ikajibu: kiingilio tunalipa leo, na ubingwa mnatuahidi kesho isiyo na tarehe.

Yafaa tuwasikilize wote kwa haki. Kambi ya kwanza ina shahidi mkubwa, naye ni Mwafrika mwenzetu. Joel Embiid, mzaliwa wa Yaoundé nchini Kamerun, alichaguliwa wa tatu mwaka 2014. Alikaa misimu miwili bila kucheza kwa sababu ya mguu, lakini aliposimama alisimama kweli: msimu wa 2017/18 timu ilishinda michezo 52, na mwaka 2023 akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima.

Kambi ya pili nayo ina ushahidi wake. Baada ya mavuno yote hayo, katika miaka ya Embiid hadi 2025, timu haikuvuka hata mara moja duru ya pili ya mashindano ya kuwania ubingwa. Mwaka 2019, katika mchezo wa saba, ilitolewa na Toronto kwa mpira wa Kawhi Leonard uliodunda mara nne juu ya pete kabla ya kutumbukia. Toronto hiyo, ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa mwaka ule, iliongozwa na Masai Ujiri aliyekulia Nigeria, na ilikuwa na Mkamerun mwingine, Pascal Siakam, aliyechaguliwa wa 27 mwaka 2016. Hawakuhitaji kuburura mkia ili kumwona. Msimu wa 2024/25 Philadelphia, ikiandamwa na majeraha, ilirudi kwenye ushindi 24.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wachezaji na mwalimu wao, Brett Brown, hawastahili lawama. Walipigana kila usiku kwa silaha pungufu, na askari wa namna hiyo anastahili saluti. Kosa lilikuwa kuwapeleka vijana watupu vitani bila wazee. Kuruta hajifunzi vita kwa kupigwa tu. Hujifunza kwa kumtazama sajini wake anavyotulia risasi zinapolia. Ilikuwa Januari 2016, msimu umeshaharibika, ndipo timu ilipomwita Elton Brand, mwenye umri wa miaka 36, aje awalee. Miezi mitatu baadaye Hinkie mwenyewe alijiuzulu kwa barua ya kurasa 13.

Pili, kanuni inayomtuza anayeshindwa itazaa washindwa. Ukimpima polisi kwa idadi ya watu aliowakamata, usishangae mahabusu ikijaa wasio na hatia. Ligi yenyewe ilitambua hivyo: kuanzia mwaka 2019 timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja, na wa mwisho kabisa hakuwa tena na faida kuliko mwenziwe katika kuwania chaguo la kwanza.

Tatu, tutazame Detroit. Katika msimu wa 2023/24 timu hiyo ilishindwa mara 28 mfululizo, ikamaliza na ushindi 14. Kijana wao hodari, Cade Cunningham, aliletwa na bahati nasibu ya mwaka 2021, nalo hatulikatai. Lakini chipukizi peke yake hakuwaokoa. Mwaka 2024 waliajiri mwalimu mpya, J. B. Bickerstaff, wakamzungushia kijana huyo watu wazima kama Tobias Harris. Msimu uliofuata walishinda michezo 44. Kushindwa kuliwapa mbegu, lakini wakulima ndio waliowapa mavuno.

Ndugu zangu wa jeshi na polisi, ninyi mnajua thamani ya amri ngumu, na mnaweza kuvumilia njaa, mvua na lindo la usiku mradi mjue mnavumilia kwa ajili ya nini. Kwa hiyo anayeamuru watu wake warudi nyuma, awe meneja wa timu au mkuu wa kikosi, ana deni la majibu matatu kabla hawajainua mguu: tunarudi mpaka wapi, mpaka lini, na ni nani mwenye uzoefu atakayebaki nyuma kulinda njia. Philadelphia waliambiwa wasubiri, na majibu hayo hawakupewa. Ndiyo sababu wanabishana mpaka leo.