Somo la Tabianchi Lianzie Jiko la Shule

Kwenu walimu wa shule za msingi, wazazi na wajumbe wa kamati za shule, Tanzania.

New Jersey, ninakoishi, ndilo jimbo la kwanza Marekani kuagiza mabadiliko ya tabianchi yafundishwe tangu madarasa ya chini kabisa, na agizo hilo lilianza kutekelezwa shuleni Septemba 2022. Italia ilitangaza mpango wa namna hiyo mwaka 2019. Nyumbani nako mitaala imeandikwa upya, na kila mitaala inapoandikwa upya hujitokeza hamu ya kuazima vitabu, picha na michezo ya darasani kutoka nchi zilizotangulia. Nawaandikia kuwaomba msiazime somo hili. Mtoto wa darasa la nne au la tano wa Tanzania aanze kujifunza tabianchi kwa kujifunza nishati, na nishati aanze kuijua kwenye jiko la shule yake, akipima kwa mikono yake.

Sababu ni kwamba somo la huku limetungwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutoa tani zipatazo 14 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikii hata nusu tani. Kwa hiyo mtoto wa New Jersey hufundishwa kupunguza: zima taa, punguza safari za gari, usipashe nyumba joto kupita kiasi. Mtoto wa Kondoa au Kilosa akipewa maneno hayohayo atayakariri na kuyajibu vizuri kwenye mtihani, lakini hayatagusa chochote anachokijua. Nasi tuna mazoea yetu yenye kasoro inayofanana na hiyo. Kwa miaka mingi somo la mazingira limeishia kwenye kauli ya kata mti, panda mti, pamoja na miche inayopandwa siku ya sherehe. Kupanda miti ni jambo jema na liendelee. Hata hivyo kauli hiyo haimwambii mtoto kwa nini mti ulikatwa, wakati jibu liko mita chache kutoka darasani, chini ya sufuria ya makande. Kaya nyingi za Tanzania bado hupikia kuni na mkaa, na zipo shule ambazo wanafunzi wenyewe ndio huleta kuni asubuhi.

Hapo ndipo penye somo lenyewe, na ni somo zito kuliko linavyoonekana. Chukueni maharage ya aina moja, mafungu mawili yenye uzito sawa. Fungu moja lilowekwe usiku kucha, jingine lipikwe makavu. Kabla ya kuwasha moto, pimeni kuni za kila jiko kwa mizani. Maharage yakiiva, pimeni kuni zilizobaki na mwandike ubaoni. Darasa zima litaona kwamba yaliyolowekwa yameiva mapema na yametumia kuni chache. Wiki inayofuata rudieni, sufuria moja ikiwa na mfuniko na nyingine wazi. Kisha linganisheni mafiga matatu na jiko banifu. Humo mna kutoa, kuzidisha, asilimia na grafu, yaani hisabati ambayo mwalimu anatakiwa kuifundisha hata hivyo. Mna pia fizikia: sehemu kubwa ya joto la mafiga huenda hewani bila kuifikia sufuria. Baadaye mwalimu aingize mkaa, maana watoto wengi huudhani kuwa hauna madhara kwa sababu moshi wake ni mdogo. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo huweza kumaliza kilo sita hadi kumi za kuni, na moshi ulioonekana kutoweka jikoni ulikwisha kutoka huko porini. Mtoto aliyewahi kubeba mzigo wa kuni kichwani ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko mtaalamu yeyote wa huku.

Kutoka hapo kwenda kwenye tabianchi ni hatua fupi. Kuni, mkaa, petroli na makaa ya mawe vyote vina kaboni, na kaboni ikiungua huwa hewa ukaa, ambayo huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda anga za juu. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Sasa zimezidi 420. Mwalimu aeleze bayana kwamba tundu la tabaka la ozoni ni jambo jingine, kwa sababu wanafunzi wa nchi nyingi huyachanganya hayo mawili. Halafu awapeleke kwenye umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na mitambo hiyo inaendeshwa na mvua zinazonyesha mamia ya kilomita kutoka hapo. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011 ulikuja baada ya ukame kupunguza maji mabwawani, likiwemo Mtera. Mtoto akilielewa hilo anaona nishati na tabianchi zikishikana pande zote mbili: tunachochoma hubadilisha mvua, na mvua ikibadilika taa huzimika bila hiari yetu.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, na ndilo lenye haki zaidi, ni kwamba Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, basi kwa nini tuwatwishe watoto wetu deni la wengine? Nakubali kwamba deni si lao, na takwimu hiyo iandikwe ubaoni ili waijue. Lakini moshi wa jikoni unaumiza mapafu ya mama zao leo, na barafu ya Kilimanjaro, iliyopungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, haikusubiri mwenye kosa apatikane. Mtoto anayejua namba ndiye atakayeweza kesho kudai haki mbele ya mataifa. Wengine watasema watoto wataogopa. Mwaka 2021 utafiti uliohoji vijana 10,000 wa nchi kumi ulikuta zaidi ya nusu wana wasiwasi mkubwa kuhusu tabianchi, kwa hiyo hofu ni jambo la kweli. Naamini hofu hukua zaidi pale mtoto anapoonyeshwa maafa bila kupewa kitu cha kufanya. Mwenye mizani na daftari ana cha kufanya.

Pingamizi la tatu, kwamba somo hili litaipinga gesi, linanigusa zaidi, kwa kuwa gesi ya Songo Songo na Mtwara inaendesha baadhi ya mitambo yetu ya umeme na serikali inahimiza nishati safi ya kupikia, ikilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwalimu aseme nini? Aseme ukweli wote: gesi inaokoa msitu na mapafu, nayo pia hutoa hewa ukaa. Mtoto wa miaka kumi ana uwezo wa kubeba mambo mawili ya kweli kwa pamoja, na tukimficha moja leo hatatuamini akilijua kesho.

Wengine watauliza haya yatawezekanaje kwenye madarasa yenye watoto themanini, nami sina jibu jepesi. Jaribio la maharage linahitaji sufuria mbili na mizani, si maabara, lakini linahitaji mwalimu aliyeandaliwa. Marekani yenyewe ina funzo hapa: utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya walimu wa sayansi walikuwa wakiwaambia wanafunzi kuwa ongezeko la joto huenda limesababishwa na mambo ya asili tu, kinyume na sayansi. Vitabu vilikuwepo; walimu hawakuwa wameandaliwa. Upande wa matumaini, utafiti wa North Carolina uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba watoto wa miaka 10 hadi 14 waliofundishwa tabianchi kupitia mazingira ya jimbo lao wenyewe waliongeza kujali kwa wazazi wao, hasa akina baba, ambao mwanzoni walijali kidogo. Ulipima kujali, haukupima vitendo, na tusiutie chumvi. Lakini kama mtoto anaweza kumgeuza mzazi mbishi wa huko, mzazi wa Kondoa anayenunua gunia la mkaa kila mwezi atamsikiliza mwanawe aliyekuja na hesabu.

Kwenu wenzangu mlio ughaibuni, mnaokusanya michango kwa ajili ya shule mlizosoma: kabla ya kununua kompyuta mpakato au sola ya kupiga nayo picha, ulizeni shule ina mizani, kipimajoto na kipima mvua. Kisha lipieni nauli na chakula cha walimu wa kata moja wakutane siku tatu wakati wa likizo, wapike maharage hayo wao kwanza, wapime, wabishane, na waandike wenyewe maandalio ya somo watakayoyatumia muhula unaofuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtanzania wa New Jersey