BIASHARA BILA YA IDHINI YA MWENYEWE

Ndugu msomaji, lau mtu angelikujia sokoni akakuuzia mbuzi kwa bei nafuu, nawe ukajua kwamba mbuzi yule si wake bali ni wa jirani aliyefukuzwa nyumbani kwake, je, ungelimnunua? Na lau muuzaji angelisema, "Nunua tu, sehemu ya fedha hizi nitawalisha waliobaki katika nyumba ile," je, maneno hayo yangelimfanya mbuzi kuwa wake? La hasha! Kila mwenye insafu analijua jibu. Basi ajabu ni kwamba jambo ambalo mtu mmoja angeliona haya kulitenda sokoni, serikali kubwa hulitenda mchana, kisha zikaliita mkataba wa biashara.

Tuitazame Sahara Magharibi. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Hispania. Tarehe 16 Oktoba 1975, Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa rai kwamba Moroko na Mauritania hazina mamlaka juu ya ardhi hiyo ya kuwazuia wenyewe kujiamulia mambo yao. Kabla ya mwaka huo kwisha, majeshi ya Moroko yalikuwa yamekwisha ingia. Wasaharawi kwa maelfu wakakimbilia jangwani karibu na Tindouf, nchini Algeria, na mpaka leo wamo makambini, wao na watoto wao na wajukuu wao. Mwaka 1991 vita vilisimamishwa, na Umoja wa Mataifa ukaahidi kura ya maoni. Kura hiyo haijapigwa.

Lakini mali haikungoja kura. Fosfeti ya Bou Craa, ambayo ndiyo asili ya mbolea, husafirishwa kwa mkanda wa mashine wenye urefu wa karibu kilomita 100 mpaka pwani, ikapakiwa melini. Samaki wa bahari ile huvuliwa. Matikiti na nyanya za Dakhla huuzwa Ulaya. Mwenye mali yuko kambini akipokea chakula cha msaada.

Umoja wa Ulaya haukosi wa kuuambia ukweli, kwani mahakama yake yenyewe imeuambia. Tarehe 21 Desemba 2016 mahakama hiyo ilisema kwamba Sahara Magharibi ni nchi mbali na Moroko, na mkataba wa biashara na Moroko hauihusu. Je, wakubwa waliacha? Waliandika mikataba mingine, iliyoanza mwaka 2019, wakaitia nchi ile ndani kwa makusudi. Kwa uvuvi peke yake waliahidi euro milioni 208 kwa miaka minne, na fedha hizo zilikwenda kwa Moroko. Walipoulizwa idhini iko wapi, walijibu kwamba wameshauriana na wakazi wa huko. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ikaifuta mikataba hiyo. Ilisema kwamba wakazi waliopo na umma wa Sahara Magharibi si kitu kimoja, kwani sehemu kubwa ya umma huo inaishi nje ya nchi yao. Siku hiyo hiyo iliamua kwamba matikiti na nyanya za huko ziandikwe zimetoka Sahara Magharibi.

Na unajua kilichofuata, msomaji? Walipewa miezi 12. Muda ulipokaribia kwisha, mwezi Oktoba 2025, walitia saini mapatano mapya na Moroko, na ndani yake bidhaa zitaandikwa majina ya mikoa kama inavyoiita Moroko. Jina la nchi likaepukwa. Mwizi wa kawaida huficha mali. Hawa wameficha jina la mwenye mali.

Watetezi wao husema: "Ni lazima tupime haki za binadamu na maslahi ya uchumi." Wanataja kazi za wavuvi wa Hispania, na msaada wa Moroko katika kuzuia wahamaji, na ajira za Dakhla. Hatusemi maslahi hayo ni uongo, wala hatusemi biashara ni dhambi. Tunasema mizani yao ina kasoro. Mtu anaweza kupima haki yake na faida yake, akaamua kusamehe. Lakini haki ya mwenziwe hana uwezo wa kuisamehe, hata akilipwa dhahabu. Ulaya inaweka mizanini kitu kisichokuwa chake, kisha inajisifu kwa kupima vizuri!

Nasi Waafrika tusijifanye watazamaji. Tarehe 22 Septemba 2022 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kesi hii, na miongoni mwa nchi nane zilizoshitakiwa ilikuwemo Tanzania. Nchi hizo hazikuonekana na hatia, lakini mahakama ilisema wazi kwamba nchi ya Wasaharawi imekaliwa, na kwamba kila dola ina wajibu wa kusaidia haki yao ipatikane. Kusema "hatukuhusika" hakumtoi mtu katika wajibu huo.

Na usidhani kwamba haiwezekani. Mwezi Mei 1, mwaka 2017, meli yenye tani zaidi ya 50,000 za fosfeti ya Sahara, iliyokuwa ikielekea New Zealand, ilizuiwa Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mahakama ya huko ikaamua, mwaka 2018, kwamba mali ni ya Wasaharawi. Ilipotiwa mnadani hapakutokea mnunuzi. Kumbe mali ikishatajwa mwenyewe hadharani, hata mfanyabiashara mkubwa huona haya!

Husemwa, mnyonge hana haki. Si kweli. Mnyonge anayo haki. Anachokosa ni wa kumwuliza. Basi kila utakaposikia mkataba unasifiwa kwa mamilioni yake, wewe msomaji uliza swali moja tu: mwenyewe ameulizwa? Ikiwa hakuulizwa, hiyo si biashara, ingawa imetiwa saini na mawaziri.