Sitara ya Mgonjwa wa Nakuru

Chuoni, tulipofika mlango wa janaza, tulikuta mas-ala yaliyotuchekesha sisi watoto: huntha akifa, aoshwe na nani, wanaume au wanawake? Maulamaa wa Kishafii hawakucheka. Walilijadili mpaka wakatoa jawabu, maana maiti haachwi bila ya kuoshwa. Nimeyakumbuka hayo kwa ajili ya walio hai, huko bara, Nakuru.

Siku hizi mgonjwa wa saratani wa Nakuru au Baringo si lazima aende Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Mji wa Nakuru una kituo chake, kama Mombasa na Garissa. Hiyo ni neema, kwani kwa makisio ya mwaka 2022 Kenya hupata wagonjwa wapya wapatao 44,700 kwa mwaka, na zaidi ya 29,000 hufa.

Lakini yuko mgonjwa ambaye neema hiyo haimfikii kwa wepesi. Alizaliwa akaandikwa mwanamke, naye anaishi kama mwanamume, kwa ndevu na jina la kiume. Mlango wa kizazi bado anao. Saratani ya mahali hapo ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi Kenya, na hukua kwa miaka, hata anayepimwa mapema huweza kuokoka. Je, ataketi benchi moja na akina mama, aitwe kwa jina la kitambulisho, kila kichwa kigeuke? Na aliyezaliwa mwanamume akaishi kama mwanamke bado ana tezi dume. Tena akitumia homoni, matiti yake nayo yataka kuangaliwa. Saratani haitazami kitambulisho. Bima ya SHA ndiyo itazamayo.

Hofu yao si ya bure. Mwaka 1999 alikufa Marekani Robert Eads, aliyeishi kama mwanamume, kwa saratani ya ovari, baada ya matabibu zaidi ya ishirini kukataa kumtibu. Na karibu zaidi, Eldoret, mtu mmoja alikamatwa mwaka 2019, akavuliwa nguo na kupimwa mwili ili ijulikane ni mume au mke. Agosti 2025 Mahakama Kuu mjini humo ilihukumu kuwa utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni moja.

Najua msomaji ataniuliza hukumu ya watu hawa. Mimi si mufti. Huntha na aliyejibadili si kitu kimoja, na wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Lakini aliye mbele ya tabibu ni mgonjwa. Fikihi imemruhusu tabibu kutazama uchi kwa dharura, kwa kadiri ya haja tu, na sikusoma popote kwamba mgonjwa aulizwe kwanza mwenendo wake ndipo asitiriwe.

Na kinachotakiwa si ghali: pazia, karani asiyepaza sauti, faili iliyoandikwa viungo alivyo navyo mgonjwa, si jinsia peke yake. Maana aliyetibiwa saratani hajamaliza safari. Huambiwa arudi baada ya miezi, kisha arudi tena, kwa miaka. Mtu wa Molo aliyefedheheshwa mara ya kwanza, siku ya miadi ya pili hapandi matatu.