Ujuzi Hupimwa Kazini

Katika vijiji vya Rungwe vilivyo kandokando ya mito iendayo kasi, ambamo inzi wa usubi huzaliana, mgawaji wa dawa ya ivermektini hahitaji mizani. Hutumia fimbo yenye alama. Mwenye kimo cha sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge 1. Wa 120 hadi 140, vidonge 2. Wa 141 hadi 158, vidonge 3. Azidiye hapo, vidonge 4. Mtoto asiyefikia alama ya kwanza, mjamzito, aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa mahututi hawapewi. Kazi hiyo hufanywa na mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake, asiye na shahada ya udaktari, naye huwakinga majirani zake na muwasho na upofu.

Fimbo hiyo ni ubunifu uliotokana na kuijua kazi yenyewe. Aliyeibuni alijiuliza mgawaji anahitaji kujua nini hasa ili asikosee, akayaacha mengine yote. Mafunzo mengi ya watumishi wa afya hukosa swali hilo. Watu hukusanywa ukumbini, husikiliza mada nyingi, hupewa posho na cheti, kisha hurejea wodini kufanya kama walivyozoea.

Mfano wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, unafundisha. Mwaka 2010 wakunga na wahudumu wake walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua. Miezi saba baadaye, mbele ya mwanasesere wa mafunzo, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Mwaka 2011 hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi papo hapo kazini, ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio ya kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Haydom inaongeza kuwa ujuzi usiorudiwa haufiki kitandani kwa mgonjwa.

Patakuwapo watakaosema kuwa watumishi ni wachache na muda hautoshi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua dakika 5 za wodini badala ya siku 5 za ukumbini. Katika zahanati ya milimani Rungwe, mvua inyeshapo na barabara ikageuka tope, mkunga aliye peke yake hawezi kungoja gari la wagonjwa. Dakika ya kwanza ya mtoto asiyepumua iko mikononi mwake. Aliyezoea hatua za msingi hazitafuti tena akilini. Hupata nafasi ya kuona kuwa kifaa kimewekwa mbali na kitanda, akakisogeza. Hapo ubunifu huanza.

Tukuyu ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na utaalamu wa kupima matokeo si mgeni huko. Halmashauri inapopanga bajeti ya mafunzo, isihesabu vyeti. Iulize ni mtoto gani amepumua, na ni kosa gani halirudiwi tena.