Je, Chiti Zimepitwa na Wakati? Mtazamo Kutoka Vibanda vya Huruma

Huruma ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana katika Eastlands ya Nairobi, unaopakana na Mathare na Kiamaiko. Katika vyumba vya chini vya maghorofa hayo, baina ya kinyozi na muuza chipsi, mna vibanda vya michezo ya video ambavyo wazazi na walimu aghalabu huvitazama kwa jicho la shaka. Ndani mna runinga kadhaa, mashine za PlayStation, mabenchi, na vijana waliobanana bega kwa bega. Anayecheza hulipa kwa mechi au kwa dakika. Asiye na kitu hutazama na kutoa ushauri asioombwa. Humo ndimo neno chiti lilimoota mizizi. Kwa msomaji asiyewahi kuingia kibandani, chiti ni mfululizo wa vitufe au herufi ambao mchezaji akiubonyeza kwa mpangilio wake hasa, mchezo humpa kile asichokuwa nacho: uhai, silaha, fedha, au kinga dhidi ya polisi.

Wapo wanaoshikilia kwamba chiti zimepitwa na wakati, kwamba mchezaji wa leo hazihitaji, na kwamba kuzizungumzia ni kuomboleza utoto uliopita. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ni hoja ya watu waliozoea kuwa na mashine sebuleni kwao. Suala hili likitazamwa kutoka Huruma, sura yake hubadilika.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba chiti haikuzaliwa kama udanganyifu. Mwaka 1986, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami nchini Japani alikuwa akiuhamisha mchezo wa Gradius kutoka mashine kubwa za kumbi za michezo hadi mashine ya nyumbani ya Famicom. Ilimbidi aukague, nao ukamshinda, maana ulikuwa mgumu mno. Akajitungia mlango wa uani: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Akibonyeza hivyo, chombo chake kilipata silaha zake papo hapo. Mchezo ukaingia sokoni msimbo huo ukiwa bado umo ndani, na wachezaji wakaugundua. Miaka miwili baadaye msimbo uo huo uliwapa wachezaji wa Contra maisha 30 badala ya matatu. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Alichokiacha ni kifaa cha fundi kilichosahaulika mezani, mteja akakiokota na kukitia mfukoni.

Sasa turejee kibandani, ambako bidhaa inayouzwa ni muda. Mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, una hadithi ndefu inayomchukua mchezaji makumi ya saa kuimaliza. Chukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba shilingi moja inanunua dakika moja na kwamba hadithi hiyo inahitaji saa 30. Kuimaliza kutagharimu shilingi 1,800, fedha ambazo katika nyumba nyingi za Huruma zina kazi nyingine inayozingoja. Mwenye mbao moja, yaani shilingi 20, ana dakika 20. Kadi ya kumbukumbu si yake, ni ya mwenye kibanda, na alichokihifadhi jana huenda leo kimefutwa na mwingine. Ina maana gani basi kumwambia kijana huyo kwamba raha ya kweli ya mchezo ni kupanda ngazi polepole, kutoka umaskini wa mhusika CJ anayeanza na baiskeli hadi kumiliki majumba? Ngazi hiyo haipandiki kwa dakika 20. Bila chiti, yeye angeishia kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya kila siku, mwaka mzima.

Ndiyo sababu alibonyeza R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, na mhusika wake akapata afya kamili, deraya na dola 250,000. Mwanafunzi wa ushairi na ausikilize mfululizo huo. Mwanzo wake ni mgumu, hauna urari wowote. Kisha huja vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja mizani kumi, cha pili kikiwa marudio ya cha kwanza kama kibwagizo. Sikio huushika hata kabla ya kidole. Msimbo huu haukuhitaji kitabu wala intaneti. Ulisafiri kwa mdomo, kutoka benchi hadi benchi, ukanakiliwa kwenye kurasa za mwisho za madaftari ya shule, pembetatu na mraba na duara vikichorwa kwa kalamu pale ambapo hesabu za siku hiyo zingekuwa. Aliyekosea kitufe kimoja alizalisha toleo jipya lisilofanya kazi, na toleo hilo nalo likasambaa. Sambamba na misimbo zilisafiri ngano. Uvumi wa dubwana Bigfoot lililodaiwa kujificha katika misitu ya San Andreas ulienea duniani kote, ingawa mchezoni halikuwamo. Watafiti wa fasihi simulizi wanaofunga safari na vinasa sauti kwenda kuwatafuta wazee vijijini, jambo jema kabisa, wangeweza pia kulipa mbao moja na kuketi pale benchini.

Kuhusu jina, lugha yetu imekwama kidogo. Tafsiri ya haraka ingeleta "kodi", lakini katika mtaa wa wapangaji neno kodi lina mwenyewe, naye hubisha mlango kila mwanzo wa mwezi. "Hila" ina harufu ya uovu. "Msimbo wa ujanja" unafaa zaidi, kwa kuwa ujanja katika Kiswahili si lazima uwe dhambi: sungura wa ngano zetu ni mjanja, na hadhira humshangilia dhidi ya fisi na simba kwa sababu hana nguvu nyingine. Hata hivyo, vijana hawajasubiri kamati yoyote ya istilahi. Wamesema chiti, wakaipa upatanisho wa kisarufi, chiti hii na chiti hizi, nalo limekaa.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa walimu. Wao husema kwamba kijana aliyezoea njia ya mkato kibandani ataitafuta pia katika chumba cha mtihani. Wasiwasi huu hauwezi kupuuzwa katika nchi ambayo karatasi ya siri ya mtihani ina jina lake rasmi mitaani, mwakenya, lililotokana na vuguvugu la chini kwa chini la miaka ya 1980 ambalo maandishi yake yalisambazwa kwa siri. Wizi wa mitihani ya mwaka 2015 ulikithiri kiasi kwamba Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya ilivunjwa. Lakini mfanano wa chiti na mwakenya ni wa juu juu. Mwenye mwakenya humwibia mtahini imani yake na humwibia jirani yake nafasi chuoni. Mwenye chiti ndani ya San Andreas hamwibii yeyote: anacheza peke yake, na mlango aliopitia ulijengwa na waundaji wa mchezo wenyewe.

Tena vijana wenyewe wanaijua tofauti hiyo kuliko wakosoaji wao. Katika mechi za kandanda, iwe FIFA au Pro Evolution Soccer, ambako wawili hukabiliana na mara nyingi anayeshindwa ndiye anayelipa, hakuna anayevumilia ujanja wa aina hiyo. Hata kusimamisha mchezo mwenzako anapokaribia kufunga ni kosa la kuzua kelele chumba kizima. Programu za wizi zinazotumiwa katika michezo ya mtandaoni ili kumwona adui nyuma ya ukuta nazo ni jambo jingine, na hazistahili kutetewa hapa.

Kinachostahili kuulizwa ni kitu gani kilichochukua nafasi ya chiti. Mwaka 2005 mashine ya Xbox 360 ilikuja na mfumo wa kuwatunuku wachezaji alama kwa kila walilolitimiza, na mwaka 2008 PlayStation ikafuata kwa vikombe vyake. Tangu hapo sifa ya mchezaji ilianza kuandikwa na kampuni, na penye daftari la sifa, mlango wa uani huwa kero. Kisha fedha zikaingia. Katika Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, misimbo ya silaha na afya imo katika hadithi ya mchezaji mmoja, lakini anayeitumia huzuiwa kupata vikombe. Zaidi ya hayo, msimbo wa fedha haumo kabisa. Ule uliomwaga dola 250,000 mwaka 2004 haukupata mrithi. Badala yake, katika sehemu ya mtandaoni ya mchezo huo, fedha za mchezo huuzwa kwa fedha halisi kupitia kadi ziitwazo Shark Cards.

Mtindo huo umeenea kotekote. Tangu mwaka 2009 mchezo wa FIFA ulikuwa na Ultimate Team, ambako mchezaji hununua pakiti bila kujua ndani atamkuta mwanasoka gani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba biashara ya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu zake za mchezo nchini humo. Katika simu, mchezo wa Free Fire hupakuliwa bure lakini almasi zake hununuliwa. Kwa hiyo anayesema wachezaji wa leo hawataki tena njia ya mkato amekosea kabisa. Njia ya mkato ipo, na wanaitaka kuliko zamani. Kilichobadilika ni kwamba imewekewa lango na mlinzi wa kutoza ada. Zamani aliyejua aliwatangulia wasiojua, na kwa kuwa kujua hakupungui kwa kugawana, kufikia jioni benchi zima lilikuwa limejua. Leo aliyelipa huwatangulia wasiolipa, na kesho asubuhi wote hutakiwa kulipa tena. Kwa mtaa kama Huruma hilo si badiliko dogo la mitindo ya burudani. Ni chombo kimoja cha usawa kilichoondolewa mikononi mwa wasio nacho, na kikarudishwa kwao kikiwa na bei.

Wasomi wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa yumo gerezani na walinzi wanajilia chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake na maneno ya kishairi ambayo walinzi wanayasikia wasiyaelewe: auoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanampa, naye anakata minyororo. Huo ulikuwa msimbo uliotumwa mbele ya masikio ya walinzi, ukafanya kazi kwa sababu nguvu yake ilikuwa katika kujua. Kisa hicho kina siri ya pili. Mwili wa Liyongo haukudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo mwanawe aliitoa baada ya kuahidiwa ukubwa na mke. Katika utenzi mmoja, siri iliyotolewa bure ilimwokoa mtu na iliyouzwa ikamuua. Kijumwa hakuwa akiwazia runinga za Huruma, lakini mizani aliyoiweka inatosha kupimia pakiti na almasi.

Ni kweli kwamba idadi ya michezo yenye misimbo imepungua, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa leo huenda asiweze kutaja hata mfululizo mmoja. Hata hivyo, ushahidi kwamba haja yenyewe haijafa uko wazi kwa anayetaka kuuona. PlayStation 2 ilikoma kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, na mwishoni mwa mwaka uo huo San Andreas ikatolewa kwa ajili ya simu. Ilipotolewa upya kwa mashine mpya mwaka 2021, misimbo yake mingi iliachwa ndani, na hakuna sababu ya kuiacha isipokuwa kwamba wachezaji wangeiulizia. Toleo la simu lina shida moja: msimbo ule wa afya, deraya na dola 250,000 huandikwa HESOYAM katika kompyuta, na simu inapoonyesha mchezo haina kibodi ya kuandikia. Wachezaji wakatafuta programu nyingine, inayofunika mchezo kwa herufi, wakaipakua kwanza, ili tu wapate mahali pa kubonyeza herufi saba.